Ulichoona, Ulichosikia: Jioni Tatu za Forodhani

Kabla hatujapanda basi la kutoka Kampala, mwalimu aliyetuongoza alitugawia dodoso la kurasa tatu. Lilikuwa na safu tano: jina la mahali, mwaka wa kujengwa, mtindo wa ujenzi, ulichoona, na nafasi ya kubandika picha. Nililijaza kwa bidii. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar nilipima milango kwa shubiri, nikahesabu nguzo na kupiga picha zaidi ya mia nne. Tuliporudi nilipewa alama nzuri, na kwa muda niliamini kwamba nimeifahamu Forodhani.

Wiki kadhaa baadaye, nilipokuwa nikifuta picha ili kupata nafasi kwenye simu, nilikuta rekodi ya sauti ya dakika kumi na moja. Nadhani niliibonyeza bila kukusudia, simu ikiwa mfukoni, jioni ya pili. Niliisikiliza yote nimesimama. Hakukuwa na jambo lolote ndani yake ambalo lilikuwa kwenye dodoso langu, na hakukuwa na jambo lolote kwenye dodoso langu ambalo lingenirudisha pale kama zile dakika kumi na moja zilivyonirudisha. Makala haya yametokana na aibu hiyo. Ninashikilia kwamba namna tunavyofundishwa kuyatazama maeneo ya kihistoria ya umma, na namna yanavyohifadhiwa, inayafanya kuwa vitu vya macho tu. Na kwamba kwa Forodhani, ninayoifahamu kidogo, macho ndiyo yaliyonifanya mgeni na masikio ndiyo yaliyoniingiza.

Kwa wenzangu ambao hawajafika: Forodhani ni bustani iliyo kando ya bahari, mbele ya Ngome Kongwe na Beit al-Ajaib. Jina lake linatokana na forodha, mahali palipotozwa ushuru wa bidhaa za majahazi. Bustani yenyewe ni ya miaka ya 1930, ilipotengenezwa kuadhimisha jubilii. Ngome ilijengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa mwishoni mwa karne ya 17. Beit al-Ajaib ilijengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, na tarehe 27 Agosti 1896 mizinga ya Waingereza iliupiga ukanda huu wa pwani katika vita ambavyo havikufika saa moja. Mwaka 2000 Mji Mkongwe wote uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mchana bustani hupumzika. Jua likianza kushuka, meza hupangwa, makaa huwashwa, na vijana huchupa baharini kutoka ukutani huku watu wakiwashangilia.

Nimeandika aya hiyo kwa sababu msomaji anaihitaji. Lakini angalieni: isipokuwa mizinga na vijana wanaoshangiliwa, yote yaliyomo yangeweza kuandikwa na mtu aliyepitisha pamba masikioni.

Hata jina la Beit al-Ajaib, jumba la maajabu, linaelekea upande wa macho. Liliitwa hivyo kwa sababu lilikuwa refu, lilikuwa na umeme, na baadaye lifti, mambo ambayo watu walikuja kuyatazama. Milango nayo ni hivyo hivyo. Kiongozi wa watalii aliyetuzungusha alisimama mbele ya mlango wenye miiba ya shaba, akatuambia kwamba miiba ile iliwekwa kuzuia tembo wasivunje mlango. Mmoja wetu aliuliza tembo hao wa Unguja walikuwa wapi. Kiongozi alicheka, akasema ni desturi iliyotoka Bara Hindi, huko ndiko tembo walikopelekwa vitani. Jibu lake la pili lilikuwa zuri kuliko hadithi yake ya kwanza. Ila hadithi ya kwanza ndiyo inayopigiwa picha, kwa hiyo ndiyo anayoanza nayo. Simlaumu. Anajua kwamba aliye mbele yake ameshika kamera.

Na mimi nilikuwa nimeishika. Jioni ya kwanza niliingia Forodhani nayo ikiwa shingoni na begi mgongoni. Kabla sijafika kwenye meza ya kwanza nilisikia: "Jambo! Jambo, sister! Zanzibar pizza!" Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa uzito wa neno hilo. "Jambo" peke yake, bila hu- wala si-, ni salamu wanayotengewa watu ambao wameshaamuliwa kwamba hawajui. Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya Kiswahili. Nilikuwa nimefanya mtihani wa ngeli mara tatu. Nikajibu, "Sijambo, kaka, habari za jioni?" na yeye akanijibu kwa Kiingereza, akataja bei kwa dola.

Nilikasirika usiku kucha. Sasa naona kwamba muuzaji alifanya kazi yake vizuri. Kutoka hatua ishirini hawezi kunisikia. Ananiona tu, na alichoona ni kamera. Jioni ya pili niliiacha kamera chumbani. Nilipita polepole, nikamkuta mama mmoja anageuza mishkaki, nikamwambia, "Shikamoo mama, pole na moshi." Akasema, "Marahaba, mwanangu, tumeshauzoea. Wewe si wa hapa lakini. Hiyo sauti ya wapi? Bukoba?" Nikasema ni ya Uganda. "Haya, karibu, kaa." Bei ikawa kwa shilingi. Hakunidhania Mzanzibari hata kidogo. Lafudhi yangu ilinisaliti mara moja. Lakini sauti ilimpa jambo la kuuliza, ilhali kamera ilimpa jibu tayari kabla hajauliza.

Hapa lazima niseme kwa nini jambo dogo kama lile liligusa mahali penye kidonda. Nyumbani kwetu, Wakiso, nililelewa na Jjajja, mama yake baba. Hajui Kiswahili, kwa maana kwamba hawezi kukizungumza. Lakini yapo maneno anayoyajua vizuri sana: "Simama." "Wewe!" "Kuja hapa." "Toa." Aliyasikia kwenye vizuizi vya barabarani miaka ya 1970, kutoka kwa askari, na kila alipoyasikia palikuwa na bunduki karibu. Nilipomwambia kwamba nimechagua kusoma Kiswahili chuoni alinyamaza, halafu akauliza kama nataka kuwa askari. Waganda wengi wa rika langu wana hadithi inayofanana na hii. Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005 ili Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Lakini sheria haifiki kwa urahisi ndani ya sikio la mtu aliyewahi kuisikia lugha kupitia dirisha la gari saa nne usiku.

Kwa hiyo nilipokaa kwenye ukuta wa Forodhani nikila mishkaki, nilikuwa nasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia katika maisha yangu yote: Kiswahili kisichoamrisha na kisichofundisha. Kilikuwa kinatania, kinabembeleza, kinalalamikia bei ya makaa. Mtoto alimwita mama yake. Mzee alimkatiza mwenzake. Darasani tunasoma kwamba lugha ni utamaduni, na tunaiandika sentensi hiyo kwenye mtihani. Pale niliisikia kwa mara ya kwanza bila mtu kuisema.

Jioni hiyo hiyo ndiyo iliyomo kwenye rekodi. Mwanzoni kuna mlio wa mashine ya miwa, gurudumu lake likikwaruza, na redio mahali fulani. Kuna vibao vya watu wanaochupa majini. Katika dakika ya nne hivi, adhana ya Magharibi inaanza kutoka msikiti mmoja, kisha mwingine, kisha mingine, isianze pamoja wala isimalizike pamoja, kila mmoja ukiingia juu ya mwenzake. Redio inapunguzwa. Mashine ya miwa inasimama. Hakuna aliyepiga filimbi wala kutoa tangazo. Mimi si Mwislamu, na sikuambiwa nifanye lolote, lakini kwenye rekodi naweza kusikia kwamba hata mimi niliacha kutafuna. Kimya hicho hakiwezi kupigwa picha. Ukipiga picha wakati ule utapata bustani yenye watu, sawasawa na picha ya dakika tano kabla.

R. Murray Schafer, mtunzi wa muziki wa Kanada, alichapisha mwaka 1977 kitabu kiitwacho *The Tuning of the World*, ambamo anadai kwamba kila mahali pana mandhari ya sauti kama palivyo na mandhari ya macho, na kwamba ziko sauti ambazo jamii huzitambua kuwa zake kama inavyolitambua jengo au mlima. Wazo hili lilinisaidia sana. Adhana zile zinazopishana ni alama kama mnara ulivyo alama. Kengele ya kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu na ile ya hekalu la Wahindu la Hurumzi zimo katika hesabu hiyo hiyo. Vilevile muuza kahawa anayegonganisha vikombe vidogo mkononi, bila kusema neno, na kila mtu barazani akajua nani anakuja.

Hata hivyo simfuati Schafer hadi mwisho. Anazipenda mno sauti za zamani, na mashine anaziona kama uchafu. Kwa kipimo chake mashine ya miwa ingetolewa Forodhani. Lakini bustani hii haikuwahi kuwa na kimya cha kijijini. Palikuwa na forodha, yaani makuli, masanduku na ugomvi wa ushuru. Kuanzia mwaka 1905 reli ilipita hapo hapo, ikitokea mbele ya Ngome kwenda Bububu, na wapo wanaosema jina Bububu ni mlio wa garimoshi lenyewe, ingawa wengine husema ni mlio wa maji ya chemchemi. Sitaamua ugomvi huo. Inanitosha kwamba pande zote mbili zinakubaliana kuwa mahali panaweza kuitwa kwa sauti yake.

Kuhusu sauti zinazopotea nilipata somo asubuhi ya siku iliyofuata. Katika kamusi za zamani za Kiswahili limo neno "simile", wengine wakiliandika "similla", ambalo hamali au mwenye punda hulitoa akiomba njia; husemekana kwamba ni bismillahi iliyofupishwa kwa haraka ya kazi. Nilikuwa nimelikariri na nilitamani kulisikia. Nilisimama kwenye uchochoro karibu na soko la Darajani kwa muda mrefu kuliko nitakavyokiri. Mikokoteni ilipita. Wenye mikokoteni walisema "Hodi, hodi!" na "Samahani, njia!" na mmoja alipiga mluzi. Pikipiki zilipiga honi. Hakuna aliyesema simile.

Barazani nilimkuta mzee mmoja anakunywa kahawa. Nikamwamkia, nikamuuliza. Alicheka mpaka akakiweka chini kikombe. "Simile! Nani kakwambia hiyo? Hiyo ya babu yangu." Halafu akaitamka kama ilivyotakiwa kutamkwa, ile "mi" ikivutwa na "le" ikikatwa, na mtu mmoja aliyekuwa akipita, bila kufikiri, akasogea ukutani. Tulicheka sote watatu. Mlango unaooza katika mtaa ule una namba yake katika faili la mtu fulani. Hilo neno, na hasa mvuto wa "mi" yake, liko katika koo la wazee wachache, na hakuna safu ya dodoso inayoliuliza.

Nilimuuliza pia kuhusu Beit al-Ajaib, kwa sababu jengo lile lilikuwa limezungushiwa uzio na sisi tuliambiwa tuandike "linakarabatiwa". Sehemu yake ya mbele, pamoja na mnara wa saa, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa ukarabati, na watu wawili walipoteza maisha. Nilimuuliza, kama ninavyowauliza watu wote, "Uliona?" Akasema, "Sikuona. Nilisikia. Nilidhani lori linamwaga kokoto, kisha nikasikia watu." Akaishia hapo. Picha za tukio lile nilikuwa nimeziona nyingi, na zote ni za vumbi na vifusi. Hakuna iliyonifikia kama ile "kisha nikasikia watu".

Jioni ya tatu kulikuwa na onyesho la muziki ndani ya Ngome Kongwe. Ndani mna ukumbi wa wazi, na ndimo tamasha la Sauti za Busara limekuwa likifanyika tangu lilipoanza mwaka 2004. Pesa zetu zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo hatukuingia. Tulikaa nje, upande wa bustani, pamoja na wauzaji na familia zilizokuja kupunga upepo, na muziki ukatufikia juu ya ukuta. Kwanza fidla, halafu ganuni, halafu sauti ya mwanamke. Ukuta ule ulijengwa kuzuia watu, na hadi leo unawazuia wasio na tiketi, lakini haukujengwa kuzuia taarabu. Mama wa mishkaki alikuwa anaujua wimbo. Aliuimba nusu sauti, mbele kidogo ya mwimbaji wa ndani, kama mtu anayemkumbusha maneno. Wale waliolipa waliona onyesho. Sisi hatukuona kitu, ila tulimsikia yeye.

Tena hakuwa anafanya jambo geni. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, anasimuliwa kwamba aliuza vyungu mitaani akiviimbia, na kwamba sauti yake ilijulikana kwa njia hiyo kabla hajaingia katika kundi la taarabu. Shaaban Robert alimwandikia wasifu. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, na taarabu, ambayo inasimuliwa kuwa ililetwa Unguja na Barghash kutoka Misri kama burudani ya jumba la Sultani, ikasikika kwa Kiswahili hadi mbali. Sauti ya muuza vyungu ndiyo iliyoutoa muziki ule ndani ya kuta. Na Siti alipoishi mjini alikaa Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari uliokuwa ukiutenga Mji Mkongwe, kwenye nyumba za udongo na makuti. Mpaka wa Urithi wa Dunia unafuata nyumba za mawe. Sauti iliyoupa mji ule jina kwa wasikilizaji wa Afrika Mashariki ilitoka nje ya mpaka huo.

Sasa nifike kwenye ukarabati wa bustani yenyewe. Forodhani ilifungwa mwaka 2008 na kufunguliwa tena mwaka 2009, kazi ikigharimiwa na Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni. Ukuta wa bahari uliimarishwa, njia zikasakafiwa, taa zikawekwa, maji taka yakashughulikiwa. Sitaki kuwa mmoja wa wageni wanaotamani uchafu wa wenyeji ubaki kwa sababu unapendeza. Mama wa mishkaki mwenyewe aliniambia kwamba zamani mvua ikinyesha walisimama kwenye tope. Lakini aliniambia na jambo lingine: kwamba zamani kila meza ilikuwa na karabai yake, na karabai "ina pumzi", ule mlio wa ssss, kiasi kwamba ukifumba macho ulijua umefika wapi, na kwamba mtu alilazimika kusogea karibu ili aone na asikike. Taa za sasa humwangaza kila mtu kutoka mbali. Ndiyo maana, nadhani, muuzaji wa jioni ya kwanza aliweza kuniamua kwa hatua ishirini.

Na pale ambapo karabai zilinyamaza pameingia vipaza sauti. Kutoka kwenye mikahawa iliyo jirani nilisikia "Jambo Bwana", wimbo uliotolewa na bendi ya Kenya ya Them Mushrooms mwaka 1982, mara tatu katika jioni moja, mara mbili kati ya hizo ukipigwa na vijana waliovaa shuka za Kimasai. Wimbo wenyewe hauna kosa. Ulitungwa kwa ajili ya wageni wa hoteli na unafanya kazi iliyokusudiwa. Kosa ni kwamba unapigwa kwa nguvu inayofunika umbali wa mita hamsini, na katika mita hamsini hizo mna mambo mengine ya kusikika. Jengo jipya lingeombewa kibali kabla ya kuziba sura ya Ngome. Kipaza sauti kinachoziba adhana, utani na mashine ya miwa hakionekani, kwa hiyo hakuna anayekiona.

Msomaji anaweza kunipinga kwamba nimeipamba sauti. Ni kweli kwamba sauti nayo hudanganya. Nilijifunza hilo Mkunazini, mahali lilipokuwa soko la watumwa hadi mwaka 1873 na ambapo Kanisa Kuu la Kianglikana lilijengwa juu yake. Chini ya jengo la jirani mna vyumba vya giza vyenye dari fupi, na kiongozi wetu alituomba tukae humo kimya dakika moja ili "tuwasikie". Baadhi ya wanahistoria wana shaka kama vyumba vile vilitumika kuwafungia watumwa, kwa kuwa jengo lililo juu ni la wamisionari, lililojengwa baadaye. Nilikaa kimya kama nilivyoombwa. Sikumsikia mtu. Nilichosikia ni feni, na pumzi za wenzangu, na aibu ya kutosikia. Kisha tulipanda juu, tukasimama mbele ya sanamu ya Clara Sörnäs: watu watano ndani ya shimo, minyororo shingoni, wakitazama mbele. Hapo macho yalinitosha kabisa. Wengi waliouzwa pale walitoka bara, huku kwetu kwenye maziwa na milima, wala si pwani. Na walipofika, Kiswahili kilikuwa kwao kile alichokijua Jjajja: simama, kuja, toa. Jambo hilo linavunja sehemu ya furaha niliyoieleza juu, na nimeliacha livunje.

Je, mahali pa umma panaweza kulindwa kwa sauti yake? Marrakech wamejaribu. Uwanja wa Jemaa el-Fna, wenye wasimulizi wa hadithi, wapiga ngoma na waganga wanaozungukwa na duara la watu, ulitangazwa na UNESCO mwaka 2001 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi simulizi, baada ya utetezi ambao mwandishi wa Kihispania Juan Goytisolo, aliyeishi mjini humo, alikuwa mstari wa mbele. Kilichotambuliwa pale ni yanayotendeka na kusemwa, si mawe. Sidhani tangazo hurudisha wasimulizi waliokufa. Lakini angalau lilibadilisha swali, kutoka kwa hali ya kuta hadi kwa nani bado anasimulia.

Kwetu sisi wanafunzi swali linaweza kuanza kwa udogo zaidi. Nilimpelekea mwalimu wangu ombi kwamba dodoso la mwaka ujao liwe na safu ya sita. Aliuliza nitaipaje alama. Nilimwambia sijui, na akasema basi tulifikirie, jambo ambalo kwa wanaomfahamu ni karibu na kukubali. Ningependa mwanafunzi aandike: nani alikuita, kwa neno gani, kutoka umbali gani, nini kilinyamaza, na lini, neno gani ulilitarajia kutoka kitabuni na hukulisikia.

Mwezi uliopita nilienda Wakiso nikamchezea Jjajja ile rekodi. Nilimweleza kwanza kwamba ni Kiswahili cha watu wa baharini, ni soko tu. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, chai mkononi. Mashine ya miwa haikumsumbua. Kisha, kabla tu ya adhana, kuna mahali ambapo muuzaji anamwita kijana wake aliyekwenda kuchota maji: "We! We, njoo!" Jjajja aliweka kikombe chini na kuangalia mlangoni.

Nilitaka kuizima. Akanizuia kwa mkono. Nikamwambia kwamba yule anamwita mtoto wake, na kwamba amesema "njoo", hakusema "kuja". Akalirudia: "Njoo." Mara mbili, kama mtu anayeonja kitu. Adhana ikaja, ikapita, redio ikarudi, mama wa mishkaki akacheka mahali fulani. Baadaye kidogo kuna sauti ya kijana anayenadi pweza, akiurefusha mwisho wa neno mpaka unakuwa kama wimbo. Jjajja aliomba niirudishe hapo. Niliirudisha. Akasikiliza tena, halafu akauliza pweza ni kitu gani, na kwa nini watu hawamnunulii yule mtoto aache kulia.